Kutoka Setilaiti hadi Bando: Historia ya Vizuizi vya Intaneti katika Mabweni ya Vyuo vya Mwanza, 1998–2025

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna vizuizi vya matumizi ya intaneti vilivyowafikia wanafunzi wa vyuo wanaoishi katika mabweni na hosteli za Mwanza kuanzia mwaka 1998 hadi 2025. Hoja kuu ni kwamba vizuizi hivyo vilipita katika mikono mitatu: mkono wa chuo, mkono wa soko na mkono wa dola. Kila mwanafunzi alipojinasua katika mkono mmoja, aliangukia katika mwingine uliokuwa mbali zaidi na bweni lake, na kwa hiyo ukawa mgumu zaidi kuufikishia malalamiko. Makala inahitimisha kwamba swali la nani anashika swichi ya mtandao wa bweni haliwezi kutenganishwa na swali la nani anawajibika kumsikiliza mwanafunzi swichi hiyo inapozimwa.

1.0 Utangulizi

Mwanza, jiji lililo kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, ni miongoni mwa vituo vikuu vya elimu ya juu nje ya Dar es Salaam na Dodoma. Huko Malimbe, karibu na Nyegezi, kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino Tanzania, maarufu kwa kifupi SAUT. Chuo hicho kilizaliwa mwaka 1998 kutokana na kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, na ambacho kilikuwa kimejijengea jina katika kufundisha uandishi wa habari. Katika kilima cha Bugando, kando ya hospitali ya rufaa, mafunzo ya udaktari ya ngazi ya chuo kikuu yalianza mwaka 2003, na chuo hicho leo ni Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya. Zaidi ya hivyo kuna Chuo cha Ualimu Butimba, chuo cha uvuvi cha Nyegezi na taasisi nyingine za ngazi mbalimbali.

Maelfu ya vijana wanaosoma katika vyuo hivi hulala katika mabweni ya chuo au katika hosteli na vyumba vya kupanga vilivyochipuka mitaa ya jirani. Historia ya elimu ya juu nchini imeandikwa zaidi kwa kuzingatia sera, udahili, mikopo na migomo. Bweni lenyewe, mahali ambapo mwanafunzi hukaa saa nyingi kuliko ukumbi wa mihadhara, limepewa nafasi finyu. Finyu zaidi ni nafasi iliyopewa mawasiliano ya mle bwenini: nani aliyaleta, nani aliyawekea mipaka, na kwa sababu gani.

Makala hii haichunguzi kanuni za chuo kimoja. Inafuatilia mabadiliko ya kiteknolojia, kiuchumi na kisheria yaliyovigusa vyuo vyote vya ukanda huu, kisha inayasoma kutoka upande wa mkazi wa bweni.

2.0 Bweni na Mazoea ya Nidhamu

Ili kuelewa vizuizi vya intaneti ni muhimu kuanza na bweni kabla ya intaneti. Katika ukanda wa ziwa, bweni ni taasisi kongwe. Shule za sekondari za bweni kama Bwiru, Nsumba na Nganza zimewalea vijana kwa kengele, saa ya kujisomea, saa ya kuzima taa na lango linalofungwa. Katika shule za sekondari za Tanzania simu ya mkononi imepigwa marufuku kwa wanafunzi; ikikamatwa bwenini, huchukuliwa na mwenyewe huadhibiwa. Mwanafunzi anayehitimu kidato cha sita katika shule kama Nsumba na kuvuka hadi Malimbe, mwendo mfupi tu, anakuwa amebadilisha hadhi yake ya kisheria na kijamii kwa kiasi kikubwa. Jana simu ilikuwa kosa. Leo ni chombo cha kupokelea ratiba, matokeo na fedha za mkopo.

Hata hivyo, mazoea hayabadiliki kwa kasi ya tarehe za usajili. Chuo kinapomiliki bweni, kinabaki na wajibu wa ulezi: kuna mshauri wa wanafunzi, matroni na patroni, na sheria ndogo za malazi. Hivyo mtandao wa kompyuta ulipofika vyuoni ulikuta tayari pana lugha ya kuuelezea udhibiti, yaani lugha ya nidhamu na malezi. Sababu ya kwanza ya udhibiti haikutoka katika lugha hiyo. Ilitoka katika uhaba.

3.0 Mkono wa Chuo: Enzi ya Setilaiti

Katika miaka ya mwisho ya 1990 na muongo uliofuata, Afrika Mashariki haikuwa na mkongo wa baharini wa kuiunganisha na dunia. Mawasiliano ya intaneti yalipitia setilaiti, na gharama yake ilikuwa kubwa kwa kiwango kilichovielemea hata vyuo vikongwe. Mwaka 2005 baadhi ya vyuo vikuu vya Afrika, kikiwamo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, viliungana kununua uwezo wa setilaiti kwa pamoja kupitia msaada wa wakfu za Marekani, kwa kuwa kila kimoja peke yake kilikuwa kinalipa bei ya juu mno. Ikiwa vyuo vyenye wafadhili wakubwa vilihitaji ushirika wa namna hiyo, hali ya vyuo vichanga vya bara, vilivyo mbali na pwani, haihitaji maelezo marefu.

Hesabu ndogo ya mfano inaonyesha ukubwa wa tatizo. Njia ya kilobiti 512 kwa sekunde, ikitumiwa na kompyuta mia moja kwa wakati mmoja, humpa kila mtumiaji takriban kilobiti tano kwa sekunde. Faili la megabaiti moja, ambalo mtumiaji aliye peke yake angelipata kwa sekunde 16 hivi, lingemchukua mmoja wa hao mia moja karibu dakika 27. Katika mazingira hayo, mwanafunzi mmoja anayepakua filamu huwanyima wenzake wote barua pepe. Kizuizi kilikuwa chombo cha kugawa riziki ndogo.

Vyombo vya ugawaji huo vilifanana katika vyuo vingi duniani. Kulikuwa na seva wakala, ambayo ilihifadhi nakala za kurasa zinazoombwa mara kwa mara ili zisivutwe upya kutoka setilaiti. Programu huria ya Squid, iliyoanza katika miaka ya 1990, ilitumika sana kwa kazi hiyo. Seva hiyohiyo iliweza kupewa orodha ya tovuti zisizoruhusiwa, saa ambazo muziki na video hufungwa, na ukomo wa matumizi ya kila jina la mtumiaji. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya kuokoa fedha kikawa pia chombo cha kuamua kipi kisomwe. Msimamizi wa mtandao aliyefunga video kwa sababu zinajaza njia hakuhitaji kufanya kazi ya ziada ili afunge ponografia kwa sababu za maadili. Mstari mmoja uliongezwa katika orodha ileile.

Tofauti ya kimahali pia ilikuwa aina ya kizuizi. Njia ilipokuwa nyembamba, kipaumbele kilikuwa ofisi za utawala, maktaba na maabara ya kompyuta. Bweni lilikuwa la mwisho kufikiriwa. Mwanafunzi alikwenda kwenye intaneti. Intaneti haikumfuata kitandani. Maabara ilifunguliwa na kufungwa kwa saa, na aliyekosa nafasi alishuka mjini kulipia dakika katika kibanda cha intaneti.

Kwa wanafunzi wa udaktari kikwazo hiki kilikuwa na uzito wa pekee. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa Hinari uliozifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba bila malipo au kwa malipo madogo. Maktaba ya dunia ilikuwa imefunguliwa. Kilichobaki ni upana wa mlango wa kuifikia. Kilobiti tano kwa sekunde ni mlango mwembamba kwa anayetafuta makala yenye picha za eksirei.

Pamoja na ugumu huo, mkono wa chuo ulikuwa na sifa moja ambayo baadaye ilipotea: ulionekana. Aliyefunga tovuti alikuwa na ofisi katika eneo la chuo. Serikali ya wanafunzi iliweza kumwandikia, kumwendea mshauri wa wanafunzi, au kulipeleka jambo katika kikao. Mfano wa Marekani unaonyesha nguvu na mipaka ya malalamiko ya namna hiyo. Mapema mwaka 2000 Chuo Kikuu cha Indiana kiliufunga mtandao wa kubadilishana muziki wa Napster kwa kuwa ulimeza sehemu kubwa ya mawasiliano ya chuo. Wanafunzi walipinga, na chuo kikaufungua tena kwa muda. Aprili mwaka huo kundi la muziki la Metallica liliishtaki Napster na kuvitaja pia vyuo vya Indiana, Yale na Kusini mwa California. Indiana na Yale vikaufunga. Uhaba ulipokuwa sababu, mazungumzo yaliwezekana. Sheria ilipoingia, mazungumzo yaliisha. Mfuatano huohuo, kwa sura nyingine, ulijitokeza kwenye ufuko wa Ziwa Viktoria.

4.0 Mkongo na Kusimba: Uhaba Wapungua, Orodha Yabaki

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutoa huduma Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukafuatiwa na ule wa EASSy. Mwaka huohuo wa 2009 Serikali ilianza ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao katika awamu zake mbili za mwanzo ulifikia kilomita 7,560 na kuziunganisha Mwanza na miji mingine mikuu na pwani na nchi jirani. Kwa mara ya kwanza data kutoka Malimbe iliweza kufika Ulaya bila kupanda angani.

Ingetarajiwa kwamba kizuizi kilichozaliwa na uhaba kingekufa pamoja na uhaba. Haikuwa hivyo, na sababu ni mbili. Kwanza, mahitaji yalikua pamoja na njia. Kompyuta mpakato na simu za kisasa zilimfanya kila mkazi wa bweni kuwa kituo kimoja, au hata viwili, vya matumizi. Pili, orodha ya makatazo ilikwisha kupata uhalali wa kimaadili unaojitegemea, na kuifuta kungeonekana kama kuruhusu uovu.

Mabadiliko makubwa zaidi katika kipindi hiki yalitoka mahali pasipotarajiwa: usimbaji fiche. Zamani seva wakala iliweza kusoma anwani kamili ya ukurasa na kuufunga ukurasa mmoja huku ikiiacha tovuti nyingine yote. Kuanzia miaka ya 2010 tovuti kubwa zilihamia katika mawasiliano yaliyosimbwa. Wikipedia, kwa mfano, ilianza kuwahamishia wasomaji wake wote huko Juni 2015. Baada ya hapo msimamizi wa mtandao aliona jina la tovuti tu. Hakuweza tena kutenganisha mhadhara wa anatomia na muziki ndani ya YouTube. Alibaki na machaguo mawili: kufungua yote au kufunga yote. Teknolojia iliyobuniwa kulinda faragha ya msomaji ilikifanya kizuizi kuwa butu zaidi, na ubutu huo haukuishia katika seva za vyuo, kama itakavyoonekana hapa chini.

5.0 Mkono wa Soko: Bando

Wanafunzi hawakungoja vyuo viamue. Ushindani wa kampuni za simu, uliochochewa zaidi na kuingia kwa Halotel Oktoba 2015, ulieneza vifurushi vya data ambavyo lugha ya mtaani iliviita bando. Vikaja vifurushi vya wanachuo na vifurushi vya usiku, ambavyo bei yake ni nafuu kwa sababu saa hizo minara huwa haina kazi nyingi. Aliyenunua bando hakupita katika seva ya chuo. Orodha ya makatazo iliyotunzwa kwa miaka haikumhusu, hata akiwa amelala katika kitanda cha chuo. Kwa wanaopanga vyumba vya watu binafsi nje ya chuo, bando ndilo lililokuwa mtandao pekee.

Kwa mtazamo wa haraka huu ulikuwa ukombozi. Kwa mtazamo wa kihistoria ulikuwa uhamisho wa gharama na wa mamlaka. Gharama iliyokuwa katika bajeti ya chuo ilihamia katika posho ya mwanafunzi. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilikuwa ikitoa shilingi 8,500 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, kiwango kilichopandishwa hadi shilingi 10,000 kuanzia mwaka wa masomo 2022/2023. Katika kiasi hicho mwanafunzi anatakiwa kula, kulala, kusafiri na kuwa mtandaoni. Asiye na mkopo hana hata hicho. Hivyo ukomo wa matumizi uliowekwa zamani na seva kwa usawa wa watumiaji wote ulirudi kwa sura ya salio, na safari hii ulitofautiana kati ya mwenye nacho na asiyenacho waliolala chumba kimoja.

Kulikuwa na hasara nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Hifadhi nyingi za majarida ya kitaaluma humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa taasisi iliyojiandikisha. Aliye katika mtandao wa chuo hufunguliwa. Aliye katika bando huonekana kama mpita njia na hudaiwa malipo. Mwanafunzi aliyeukimbia mtandao wa chuo kwa sababu ya kizuizi cha video alijikuta pia nje ya maktaba, isipokuwa pale chuo kilipotoa nywila za kuingilia kutoka nje. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19 na kufunguliwa tena Juni mosi, pengo hilo lilidhihirika: aliyekuwa nyumbani alibaki na bando lake tu.

Mkono wa soko haukuwa kiziwi kabisa. Aprili 2021, kampuni zilipotoa vifurushi vipya vyenye bei iliyowashtua wateja, kelele za umma zilikuwa kubwa na Mamlaka ya Mawasiliano ikaelekeza bei za awali zirejeshwe. Hata hivyo, kilichosikika ni sauti ya wateja wa nchi nzima. Serikali ya wanafunzi ya chuo kimoja cha Mwanza haina kikao na kampuni ya simu.

6.0 Mkono wa Dola: Sheria na Swichi

Wakati mwanafunzi akihamia katika bando, bando lenyewe lilikuwa likiingizwa katika mfumo wa sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ilifuatiwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba mosi 2015. Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Kanuni hizo ziliwataka wenye vibanda vya intaneti kufunga kamera, kutumia anwani za kudumu na kuchuja maudhui yaliyokatazwa. Adhabu ya kuzikiuka ilikuwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Vyuo vikuu havikutajwa kama kundi lenye wajibu wake wa pekee. Mwanafunzi aliingia katika kanuni hizo kwa mlango wa mtumiaji wa kawaida, na hadhi yake ya mtafiti haikumpa kinga.

Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kuhitimishwa kwa kuzimwa kwa laini zisizosajiliwa kuanzia Januari 2020, uliifunga laini na kitambulisho cha mtu. Katika maabara ya zamani jina la mwanafunzi liliandikwa katika daftari la chumba. Sasa liliandikwa katika kanzidata ya taifa.

Kisha swichi yenyewe ikatumika. Katika siku za uchaguzi mkuu wa Oktoba 28, 2020, Twitter, WhatsApp na huduma nyingine hazikupatikana kwa njia ya kawaida nchini. Wengi walikimbilia mitandao binafsi ijulikanayo kwa kifupi VPN. Kanuni zilizofanyiwa marekebisho mwaka huohuo ziliibana njia hiyo, na Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka watumiaji wa VPN kujisajili kabla ya Oktoba 30. Mei 2025, baada ya akaunti ya Jeshi la Polisi kudukuliwa, mtandao wa X ulifungwa. Maelezo ya Serikali yaliyofuata yalitaja ponografia inayoruhusiwa humo. Hapa ubutu uliotajwa katika sehemu ya nne unajitokeza kwa kiwango cha taifa. Dola, kama msimamizi wa mtandao wa chuo, haikuweza kufunga picha moja ndani ya tovuti iliyosimbwa, hivyo ikafunga tovuti nzima, pamoja na wanahabari, watafiti na taasisi zilizokuwamo. Kwa chuo kinachofundisha uandishi wa habari, kilichofungwa ni sehemu ya nyenzo za kufundishia.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na kuanza kurejea Novemba 3. Katika historia inayojadiliwa hapa, tukio hilo lina maana mahususi. Hadi siku hiyo mkazi wa bweni alikuwa na njia mbili, na moja ilipofungwa alitumia nyingine. Mtandao wa chuo na bando hupitia kwa watoa huduma wenye leseni ileile ya dola. Njia zote mbili zikakatika kwa pamoja, na hapakuwa na ofisi ya chuo iliyoweza kujibu kwa nini.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilipitia mapito yanayofanana. Julai mosi 2018 iliweka kodi ya shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, kodi iliyodumu hadi katikati ya mwaka 2021 ilipobadilishwa kuwa tozo ya asilimia 12 ya data. Na Januari 2021 ilizima intaneti wakati wa uchaguzi. Kodi hiyo ni mfano wa mkono wa soko na mkono wa dola kuungana katika bando moja. Kufanana huku kunaonyesha kwamba mwelekeo uliojadiliwa ni wa ukanda mzima wa ziwa.

7.0 Hitimisho

Katika kipindi cha chini ya miaka thelathini, kizuizi cha intaneti katika bweni la Mwanza kimehama kutoka seva ya chumba cha jirani, kupitia mnara wa kampuni ya simu, hadi ofisi za dola. Sababu zimebadilika pia: kwanza uhaba, kisha bei, kisha usalama na maadili ya taifa. Kilichopungua katika kila hatua ni uwezo wa anayezuiwa kumjua anayezuia, kuelezwa sababu na kujibizana naye. Ibara ya 18 ya Katiba inatambua uhuru wa kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Uhuru huo, kwa mwanafunzi, ndiyo kazi yake ya kila siku.

Matokeo haya yana maana kwa vyuo. Mtandao wa chuo, pamoja na mapungufu yake, ndiyo njia pekee ambayo mwanafunzi ana sauti ndani yake, na ndiyo inayomfikisha katika maktaba. Chuo kinachoacha bweni lijitafutie bando kinaokoa fedha, lakini kinauacha pia wajibu wa kumsemea mwanafunzi wake. Vyuo vingeweza kuanza na hatua zilizo ndani ya uwezo wao: kufikisha mtandao bwenini, kuandika hadharani kipi kimezuiwa na kwa sababu ipi, kuweka utaratibu wa rufaa kupitia serikali ya wanafunzi, na kutoa nywila za maktaba kwa wanaoishi nje. Hatua hizo hazitazuia swichi ya taifa kuzimwa. Zitahakikisha tu kwamba, itakapozimwa tena, kutakuwa na taasisi yenye kumbukumbu, yenye takwimu za masomo yaliyokwama, na yenye wajibu wa kuuliza.